Nani Alibaki na Ufunguo wa Stoo?

Kila nikiweka vidio ya msichana wa hijabu akikimbia, hata kama anakimbilia tu tuktuk pale Kismayu Road, lazima mtu atokee na ile yake: "Wasichana wa Garissa na michezo wapi na wapi? Dini yenu haiwaruhusu." Zamani nilikuwa nawajibu. Siku hizi nacheka mchana, halafu usiku nakasirika. Leo nataka tuongee polepole, kwa sababu nimepata kitu ndani ya sanduku la habaryar wangu na kimekataa kutoka kichwani.

Ni glavu. Ya ngozi, ya kahawia, ya mkono wa kushoto, kubwa kama sahani ya pilau. Imekauka mpaka ukiikunja inalia. Tulikuwa tunatoa vitu nje kabla ya Ramadhani, ile safisha-safisha mnaijua, nikadhani ni kitu cha kushikia sufuria moto. Habaryar, yaani dadake mdogo mamangu, aliiona mkononi mwangu akanyamaza. Kisha akasema, "Rudisha ndani." Nikamwuliza ni ya nini.

"Ya softiboli. Na si yangu. Niliiba."

Sasa niambieni. Huyu ni mama wa watoto wanne. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu ambaye hunigombeza nikicheka kwa sauti barabarani. Softiboli ilitoka wapi? Kuiba je? Nilikaa chini hapo hapo kwenye mkeka na vumbi lote, nikakataa kuinuka mpaka anieleze. Ilichukua chai vikombe vitatu.

Ilikuwa 2012. Yeye alikuwa anasoma katika chuo kimoja hapa mjini, sitakitaja kwa sababu bado kuna watu wanamjua. Mwalimu mmoja wa kike aliletwa, mtu wa upande wa Kakamega, wote wakamwita Madam tu. Alikuja na begi kubwa la michezo. Ndani kulikuwa na glavu nne, mipira sita na gongo moja la aluminiamu. Wiki ya kwanza wasichana karibu thelathini walitoka kuangalia, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amewahi kuona mchezo ambao unapiga mpira halafu unaacha kila kitu unakimbia. Wiki ya pili walirudi kumi na mmoja. Hao kumi na mmoja ndio walikuwa timu.

Kama hujui softiboli, fikiria raunda uliyocheza shule ya msingi, halafu uiweke sheria kali. Mrushaji anarusha mpira kwa chini, mkono unazunguka kama feni. Mpigaji anapiga. Anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, anarudi nyumbani, na hapo ndipo anapata pointi moja. Timu ina watu tisa uwanjani. Mpira wenyewe unakaribia ukubwa wa balungi, na jina lisikudanganye, si laini hata kidogo. Habaryar ana kidole kimoja ambacho hakinyooki mpaka leo. Nilikuwa nadhani alizaliwa hivyo.

Yeye alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mdakaji anatakiwa kuvaa kinyago cha chuma usoni. Wao hawakuwa nacho, kwa hivyo alivaa helmeti ya bodaboda. Imagineni hiyo picha: hijabu, helmeti ya boda juu, suruali ndefu, glavu, amechuchumaa kwenye jua la Garissa. Walahi ningelipa pesa kuiona. Hakuna hata picha moja.

Gongo la aluminiamu lilipata ufa muhula wa pili. Madam akaenda kwa fundi seremala karibu na Suq Mugdi, akamchorea kwenye karatasi. Fundi akachonga gongo la mathenge. Ndiyo, mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kutula miguu, mbuzi na meno ya mbuzi. Lilikuwa zito mpaka wasichana wawili walikataa kulishika. Lakini likigonga mpira, anasema, sauti ilisikika mpaka jikoni. Besi zilikuwa magunia ya mchele yaliyojazwa mchanga wa Tana. Mistari ilichorwa kwa jivu. Mpira ukiruka ua unaingia kwenye mathenge, na sheria yao ilikuwa kwamba aliyeupiga ndiye anayeenda kuutoa, ili watu wasijionyeshe sana.

Walicheza baada ya asr, jua likianza kupoa, na ilikuwa lazima kumaliza kabla ya maghrib. Mchezo kamili wa softiboli una awamu saba. Wao walifika ya tano, adhana ikikaribia wanahesabu pointi na kukimbia. Miaka miwili na nusu hawakuwahi kumaliza mchezo mmoja kamili. Habaryar alisema hivyo kama mtu anayelalamikia kitu cha jana.

Sasa turudi kwa wale wa dini. Baba mmoja alikuja kumtoa binti yake kwenye timu, hiyo ni kweli. Alikuja amekasirika. Madam akamletea kiti, akamwambia, "Adeer, kaa uone kwanza." Mzee akakaa. Akaona ukuta pande zote. Akaona suruali ndefu na mikono mirefu na hijabu. Akaona mwanamume pekee aliyekuwa karibu ni mlinzi, na mlinzi alikuwa amelala. Mwisho mzee akasema wasipitishe maghrib, akaenda zake. Binti akabaki. Na wiki iliyofuata, habaryar ananiapia, mzee alirudi, eti amesahau kitu, akasimama getini akiangalia mpaka awamu ya tatu.

Kwanza mkitaka kujua, huo mchezo ni kama ulitengenezwa kwa ajili yetu. Hakuna kugongana miili. Kofia na suruali ndefu zinavaliwa hata na wasio Waislamu. Miaka hiyo FIFA ndiyo ilikuwa imetoka tu kuruhusu hijabu uwanjani, ilipitisha rasmi 2014. Mpira wa kikapu ulichelewa zaidi, FIBA iliruhusu 2017. Yaani kwa miaka mingi, aliyekuwa anamwambia msichana wa Garissa "huwezi kucheza ukivaa hivyo" hakuwa sheikh wa Bula Iftin. Alikuwa mtu wa suti huko Uswisi. Hiyo huwa haisemwi.

Na historia ya softiboli yenyewe ingewachekesha. Ilianza Chicago 1887, siku ya sikukuu yao ya Thanksgiving, ndani ya ukumbi wa klabu ya mashua. Wanaume walikuwa wanasubiri matokeo ya mechi ya vyuo, mmoja akatupa glavu ya ndondi, mwingine akaipiga kwa fimbo. George Hancock akaifunga ile glavu kamba ikawa mpira, wakatumia mpini wa ufagio kuwa gongo. Sasa mpini wa ufagio na gongo la mathenge vina tofauti gani? Hao walianza na takataka kama sisi. Tofauti ni kwamba wao mtu aliandika.

Mwaka wa 2014 Madam akapanga safari. Timu ingeenda "down Kenya", vile tunaita huku kila kitu kilicho ng'ambo ya daraja, kucheza na chuo kingine mapema 2015. Mechi yao ya kwanza na watu wasio wao wenyewe. Fundi wa nguo alipewa amana ya sare kumi na moja, rangi ya zambarau, na hijabu zake. Kipindi cha mwisho cha Novemba kamba ya glavu ya habaryar ilikatika, akaomba aende nayo nyumbani aishone. Madam akamwambia aende, wataonana Januari. Akafunga stoo, akampa karani ufunguo.

Mnaomjua Novemba 2014 mnajua kinachofuata. Tarehe 22, Jumamosi, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa alfajiri, wasio Waislamu wakatengwa, watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wanaenda nyumbani kwa likizo. Januari walimu wakapiga kambi katika makao makuu ya TSC Nairobi wakisema hawarudi huku. Madam hakurudi. Habaryar aliishona glavu mwenyewe kwa uzi wa viatu, akaipeleka shule siku ya kwanza ndani ya mkoba, akairudisha nyumbani jioni. Akafanya hivyo wiki nzima.

Halafu ikaja tarehe 2 Aprili 2015. Sina haja ya kuwaeleza. Watu 148 pale Garissa University College, karibu wote wanafunzi. Chuo kikafungwa, waliobaki wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, na kikafunguliwa tena Januari 2016. Hii Garissa nzima ilinyamaza. Habaryar aliniambia kitu hapo ambacho nimekiandika vile alikisema: "Wewe ungekuwa nani uulize kuhusu gongo, watu wakihesabu majeneza?"

Na mimi nakubali. Simlaumu yeyote kwa Aprili hiyo. Wala kwa mwaka huo wote.

Alipoenda baadaye kuchukua cheti chake, alipita kwa stoo. Ilikuwa imejaa saruji na mabati. Akamwuliza karani vitu vya michezo viko wapi, karani akamwuliza vitu gani. Hapo ndipo akajua glavu imekuwa yake.

Sasa linganisheni na hii. Desemba 2013, Temple University ya Philadelphia, Marekani, ilitangaza inafuta michezo saba, softiboli ikiwa mmoja wao. Iliwauma wachezaji vibaya, na mimi nawahurumia. Lakini angalieni walichokuwa nacho. Walitangaziwa. Kulikuwa na tarehe ya mwisho, katikati ya 2014. Kulikuwa na mtu wa kukasirikia, na watu wakakasirika kweli kweli, mpaka timu za makasia zikarudishwa Februari. Softiboli haikurudishwa. Hata hivyo leo ukitaka kujua nani alirusha mpira siku gani na matokeo yalikuwa ngapi, utapata. Timu ilifutwa, lakini ilikuwepo. Ina kaburi.

Ya kwetu haikufutwa. Hakuna barua, hakuna mkutano, hakuna aliyesema "tumeamua." Ukienda kuuliza leo kwa nini timu ilivunjwa, watakuambia ukweli mtupu: hatujawahi kuwa na timu.

Hii ndiyo inanikera, na sitaki mtu aniambie ni mambo ya kitambo. Imenipata mimi mwenyewe. Nilikuwa darasa la nane 2020. Tulikuwa na timu ya raunda ya wasichana, mbaya kabisa, tulishindwa na kila mtu, lakini tulikuwa nayo. Tarehe 13 Januari walimu watatu wakauawa Kamuthe, TSC ikaanza kuwaondoa walimu wasio wenyeji. Mwalimu wetu wa michezo aliondoka na begi moja. Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Tuliporudi, vigingi vya raunda vilikuwa vimeenda jikoni kuwa kuni. Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimeamini kwamba mwalimu akienda, mchezo ni wake, ameenda nao.

Lakini hebu fikirieni mpira wa miguu wa vijana. Je, umewahi kusikia kandanda ya wavulana imekufa Garissa kwa sababu mwalimu amehamishwa? Hata siku moja. Mwalimu akienda asubuhi, jioni kuna kaka wa mtu ameshika filimbi. Kuna mwenye duka atanunua mpira. Kuna yule jamaa wa tuktuk ambaye goti liliharibika 2009 na bado anawafokea watoto wa bula nzima vile wanatakiwa kupiga kona. Mchezo wa wavulana haukai kwa stoo. Unakaa ndani ya watu. Kila mwanamume hapa amewahi kucheza, kwa hivyo kila mwanamume ni ufunguo.

Wa wasichana unakaa kwa mtu mmoja. Mara nyingi mgeni. Akiondoka, wale waliofunzwa naye wanafunga glavu ndani ya sanduku na kuanza kutugombeza tukicheka barabarani.

Nilimwambia habaryar hivyo, karibu kwa maneno hayo. Sikuwa na adabu, najua. Nikamwambia, wewe ni mwalimu, uwanja mko nao, watoto mko nao, miaka yote hii kwa nini hujawahi kuwafundisha hata kurusha? Nikamwambia alifanya kile kile karani alifanya, alijaza saruji.

Hakunipiga. Aliendelea kukunja nguo. Kisha akasema, "Madam alikuwa mgeni. Mgeni anasamehewa. Yule mzee aliletewa kiti akakaa kwa sababu alikuwa anaongea na mtu wa serikali kutoka mbali, hamjui, hajui ukoo wake. Mimi nikianzisha, baba hataenda shuleni. Atakuja kwa nyumba hii. Ataongea na mume wangu. Na kama hajaja yeye, atakuja mamake mume wangu."

Hapo nilinyamaza mimi.

Nimelifikiria hilo jibu kuliko kitu chochote mwaka huu. Kwa sababu sisi tuna tabia ya kusema "wenyeji wachukue usukani," inapendeza kwa bango, lakini usukani wenyewe una bei na inalipwa na mwanamke mmoja sebuleni kwake. Yule Madam alikuwa na uhuru ambao habaryar hakuwa nao, na kitu ambacho habaryar alikuwa nacho, Madam hakuwa nacho, yaani usalama wa kulala hapa usiku. Kila mmoja alikuwa na nusu. Sisi tulikaa katikati tukaacha nusu moja ikimbizwe na nyingine ifungiwe.

Na tuseme ukweli kuhusu hiyo ya kukimbizwa. Waliowaua walimu ni magaidi, na waliotakiwa kuwalinda ni serikali, hiyo haina mjadala. Lakini maneno tuliyokuwa tunawaita hao walimu sokoni, majina ambayo siwezi kuandika hapa, kodi ya nyumba tuliyowaongezea kwa sababu ya nywele zao, hayo hayakufanywa na al-Shabaab. Na walipoondoka tukasema "walitoroka." Madam hakutoroka. Madam alitaka kuishi. Mtu aliyebeba glavu nne kutoka Kakamega mpaka Garissa kwa basi hakuja hapa kutafuta njia ya kutoroka.

Nilijaribu kumpigia. Habaryar bado ana namba yake, imeandikwa nyuma ya daftari la akaunti za nyumba, na kwa miaka yote hakuwahi kuipiga. Mteja hapatikani.

Kuna mtu ataniambia sasa: Garissa ina shida ya maji, ukame, barabara, wewe unalilia gongo. Sawa. Lakini mwaka huu wa 2026 ndio Gredi ya 10 ya kwanza imeingia sekondari ya juu, na serikali imewapa njia tatu za kuchagua, moja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Maana yake michezo si ya jioni tena. Ni masomo, ni kazi. Msichana wa Masalani au Modogashe ana haki ya kuchagua hiyo njia sawa na wa Nairobi. Sasa atafundishwa na nani? Tukitegemea tena mtu mmoja na begi lake, hata akiwa mzuri kiasi gani, tutarudi kwa karani na ile swali yake ya "vitu gani?"

Ninachotaka si kikubwa. Nataka timu ya wasichana ikianzishwa, iandikwe kwa ratiba ya shule na mwalimu mkuu atie sahihi, ili baba mwenye hasira aende ofisini, asiende kwa nyumba ya mtu. Nataka walimu watatu wenyeji wa kike waianze pamoja siku moja, kwa sababu ni vigumu kuzunguka nyumba tatu kulalamika, hata wazee wetu huchoka. Nataka wapewe marupurupu, hata kidogo, maana kocha wa wavulana akipewa elfu mbili hakuna anayeshangaa. Na nataka daftari. Daftari la shilingi hamsini. Tarehe, majina, pointi. Mwalimu akihamishwa kesho, daftari halihamishwi. Na ufunguo wa stoo uwe kwa watu wawili, mmoja wao awe mwanafunzi.

Kwa sababu mchezo wenyewe haujafa, hilo ndilo linachoma. Olimpiki yenyewe iliifuta softiboli, ilichezwa mara ya mwisho Beijing 2008, ikarudi Tokyo, ikaachwa tena Paris, na inarudi Los Angeles 2028. Ingawa mechi zitachezwa Oklahoma City, msiniulize kwa nini. Na Julai 2016, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya ilicheza mashindano ya dunia ya softiboli kule Surrey, Kanada. Kenya hii yetu. Habaryar hakujua. Nilimwonyesha kwa simu jikoni, akakausha mikono kwa buibui, akashika simu karibu na uso. Hakusema kitu kuhusu mashindano. Alisema, "Wana kinyago."

Jumamosi iliyopita baada ya asr aliniambia nilete ile glavu. Sikuuliza. Tulitoka nyuma ya nyumba, pale kwa ukuta, na mpira wa tenisi niliouzungushia soksi na seloteepu. Akachuchumaa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mgongo unamwuma kila siku, alichuchumaa kama mtu aliyeambiwa apumzike. Akanionyesha vile mkono unazunguka. Nilirusha kama mara ishirini, kumi na saba zilienda kwa kuku. Binti yake wa darasa la nne alitoka kuangalia, halafu akaja na wa jirani.

Usiku nilimwomba anitajie timu, nafasi kwa nafasi, niandike. Nilikuwa nimenunua lile daftari. Alianza haraka: mrushaji, yeye mwenyewe nyuma, besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, yule wa katikati ya pili na tatu. Kisha wale watatu wa mbali. Wa kulia alimkumbuka. Wa katikati alikumbuka jina la babake tu. Wa kushoto hakumkumbuka kabisa, na ilimsumbua, alirudi kuniamsha karibu saa sita. Alikuwa mrefu, anasema, anatumia mkono wa kushoto, alitoka upande wa Masalani, na ndiye aliyekuwa anaingia kwenye mathenge kutoa mpira hata kama si yeye aliyeupiga. Kama ni wewe, ama ni mamako, nitafute. Nimeacha mstari wazi.